Chachu Huhesabiwa, Watoto Hawahesabiwi

Mimi sijui kukaa. Nikikaa mguu unatikisika, nikisimama natafuta pa kwenda, na nikifika nilikokuwa nakwenda naona kazi nyingine nyuma yangu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa mtaa wa Hewa Bora tangu mume wake afariki, alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba mwanawe hakuoa mwanamke, alioa upepo. Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, kwanza kwa sababu alikuwa anasema kweli, na pili kwa sababu mama mkwe ukimnunia mchana, jioni bado mtanyoosha mikono kwenye bukari ileile, ugali wetu.

Nashukuru kwamba kazi yangu ni ya kusimama. Niko kwenye maabara ya kiwanda cha bia, na wajibu wangu ni kuitazama chachu kabla haijarudishwa kazini. Watu wanadhani bia inatengenezwa na watu. Watu wanachemsha maji matamu ya kimea na kuosha matangi, basi. Bia yenyewe inatengenezwa na chachu, vijitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinakula sukari usiku na mchana bila kuomba likizo. Vikishiba vinazama chini ya tangi. Tunavivuna, tunavitia kwenye maji mapya ya kimea, vinaanza tena. Chachu ileile inaweza kurudi kazini hivyo mara kadhaa, halafu inachoka, bia inachelewa, ladha inaharibika, na tunaimwaga yote na kuanza na mbegu mpya.

Inachokaje? Hilo ndilo swali lililonitoa kwenye kiti mwaka ule, kana kwamba nilihitaji sababu.

Chachu haigawanyiki katikati kama viumbe wengine wadogo. Inachipua. Mama anatoa uvimbe ubavuni, uvimbe unakua, unakuwa mtoto, mtoto anakatika na kwenda zake. Pale alipokatika panabaki kovu, duara dogo lenye ukingo ulioinuka, kama alama ya chanjo begani. Na mahali hapo mama hachipui tena kamwe. Mtoto wa pili atatafuta sehemu nyingine ya ngozi, wa tatu nyingine, hivyo hivyo. Ngozi iliyokuwa laini inapata mikunjo na mabonde, mwili unanenepa, na siku moja mama anaacha kuzaa, anakaa kidogo, anakufa. Mtoto, ukiacha alama moja hafifu pale alipokuwa ameshikana na mama yake, hana doa. Hata kama mama yake ni kikongwe, yeye anaanza upya. Uzee wote anabaki nao mama.

Mambo haya niliyasoma shuleni, lakini kusoma tu ni kama kuijua hoteli ya Karavia kwa kusimuliwa na mtu aliyekwenda kuogelea huko. Mwaka ule chuo kikuu kilituazima hadubini yenye taa ya zambarau, pamoja na chupa ndogo ya rangi inayonasa kwenye makovu peke yake. Nilifunga pazia, nikazima taa ya chumba, nikainama. Mwanzoni giza. Kisha nikaona miduara ya buluu inawaka, mmoja hapa, miwili pale, na katikati bibi mmoja mnene aliyejaa miduara mwili mzima. Nilianza kuhesabu, nikapotea, nikageuza kioo, nikaanza tena.  Nilikuwa nimekaa miaka na viumbe hawa nikiwauliza swali moja tu, mmekufa au mko hai, na kumbe kila mmoja alikuwa amebeba habari zake zote juu ya ngozi.

Nilimkimbilia fundi wa matangi kumweleza. Alisikiliza kwa heshima, akasema kwamba ndiyo maana tangu zamani wakati wa kuvuna wanaimwaga chachu ya kwanza kutoka, wanachukua ya katikati. Wazee ni wazito na ngozi yao inakwaruza, wanashikana, wanawahi kuzama. Alisema hivyo akiendelea kukaza mpira wa bomba. Sikupenda lile neno kumwaga, nikarudi zangu maabara nimekasirika bila kujua nani amenikosea.

Lakini nilijua. Nilikuwa na mimba, na tumbo langu lilikuwa limekwisha pasuliwa mara tatu.

Daktari wangu wa mjini ni mama mmoja asiyejua kupamba maneno. Baada ya upasuaji wa tatu aliniambia kwamba ukuta wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba kama plastiki ya kufungia mkate. Nikishika mimba tena, alisema, nisithubutu kungoja uchungu. Nipasuliwe mapema, kwa siku iliyopangwa, na siku hiyohiyo nifungwe kizazi. Uchungu ukitangulia, ukuta utaachana, na hapo tutaondoka mimi na mtoto pamoja. Aliyarudia maneno hayo alipoiona mimba ya nne, na safari hii hakunitazama usoni.

Mtu atauliza kwa nini basi nilishika mimba. Katika watoto wale watatu, wawili ni wasichana, wako nyumbani, wanapigania kitana na kalamu. Wa katikati alikuwa mvulana. Alipewa jina la baba mkwe wangu, akakaa nasi miezi michache, homa ikamchukua. Tangu tulipotoka makaburini mama mkwe hakumtaja tena, hata kwa bahati mbaya. Lakini alitaka jina lirudi nyumbani. Mimi hakuniambia kitu. Alimwambia mwanawe, mume wangu, anayeshughulikia karatasi za forodha za malori kule Kasumbalesa na ambaye huja nyumbani mwisho wa juma kama foleni imempa ruhusa. Mume wangu alinifikishia maneno kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza chumvi. Sitasema nililazimishwa. Na mimi nilimtaka yule mvulana arudi, nilimtaka mpaka mikono iliniuma.

Kwa watu wa mama mkwe, Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga walioshuka huku na reli, watoto hawahesabiwi. Mwulize mama wa kwao ana watoto wangapi: atakuambia Mungu ndiye anajua, au atawaita mbele yako mmoja mmoja, lakini hesabu haitatoka kinywani. Ukihesabu unakionyesha kifo mahali pa kuanzia. Kwetu hata sahani za watoto zilipangwa bila hesabu, moja iliongezwa juu, ili mwovu asijue. Kliniki muuguzi aliponiuliza nimezaa mara ngapi, mama mkwe alijibu kabla yangu kwamba Mungu ndiye anajua, nami kwa ukaidi nikaitaja namba kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabenchi ya nje. Tulirudi nyumbani, yeye upande ule wa barabara na mimi upande huu.

Hebu fikiria, basi, nilivyomwonyesha picha. Nilikuwa nimepiga picha ile seli nzee kwa simu, na Jumamosi moja alipokuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, nilimsogezea. Nilimweleza: huyu ni mama, kila duara ni mtoto aliyemtoka. Alifuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga, akaishika simu mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Na weye unabahesabu?” akauliza.

“Njo kazi yangu, mama.” Ndiyo kazi yangu kweli.

“Basi njo maana hautulie.”

Akanirudishia simu akaendelea na majani yake. Nilimjibu kwamba chachu si watu, na kwamba watoto wanakufa kwa mbu na kwa maji machafu, hesabu haina mdomo wa kumla mtu. Alizidisha kasi ya kuchambua. Nilijua nilikuwa nimemgusa yule asiyetajwa, na sikuwa na namna ya kuyarudisha maneno. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya kupasuliwa ilipangwa. Kadiri ilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kuhangaika. Nilipanga kabati, nikalipangua. Niliosha mapazia yaliyokuwa safi. Kazini niliganda kwenye hadubini ya taa ya zambarau hadi macho yakavimba, nikitafuta sijui nini, labda mzee mmoja mwenye makovu mengi ambaye bado anachipua. Nilimpata mara moja, akiwa na kichipukizi kikubwa tu ubavuni, nikafurahi kijinga kwa nusu siku. Baadaye chuo kikuu kikaomba hadubini yake, tukaifunga kwenye sanduku, na nikabaki na ile yetu ya zamani, inayowaonyesha wote sawasawa, wazee kwa vijana.

Uchungu ulianza Jumapili, siku chache kabla ya siku iliyopangwa. Misa ilikuwa imekwisha, wasichana walikuwa kwa jirani, mume wangu alikuwa amekwama Kasumbalesa. Mwanzoni nilidhani ni bukari ya jana. Nilizunguka ua, nikashika ukuta, nikazunguka tena. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye kigoda chake, akasimama bila kuuliza kitu, akaenda kumwita jirani mwenye gari.

Tulikusudia kwenda mjini kwa daktari wangu. Kadi yangu ilikuwa kule kule kwake. Lakini njiani maumivu yalibadilika. Yaliacha kuja na kwenda, yakakaa. Nilisikia baridi, jasho likanitoka, mdomo ukawa mzito. Jirani aliponiona kwenye kioo alikata kona, akaingia hospitali ya karibu, ambako hakuna mtu aliyenijua.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mwenye adabu, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Simlaumu. Alifunua tumbo langu akakuta kovu moja, mstari mwembamba uliotulia chini ya kitovu, kazi safi kabisa. Daktari wangu wa mjini alikuwa akijivunia kazi hiyo. Kila mara aliondoa kovu la zamani, akashona upya palepale, ili nisiwe na aibu mbele ya mume wangu. Mara tatu wamepita mlango mmoja, na kila mara wameufunga vizuri. Chachu haina daktari wa kuifichia umri. Mimi ngozi yangu ilidanganya.

Nilisikia kila neno. Nataka hili lieleweke: sikuzimia, nilikuwa palepale, lakini ulimi haukuwa wangu. Daktari alimgeukia mama mkwe akauliza nimezaa mara ngapi.

Akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote, kwamba Mungu ndiye anajua.

Daktari akaitikia kwa kichwa, pengine alikuwa amewasikia wengi wa namna hiyo. Akamwambia kwa upole kwamba kovu ni moja, na wanawake wengi waliopasuliwa mara moja huja kuzaa wenyewe vizuri tu. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja, na kulikuwa na mwanamke mwingine anayetangulia. Mtoto wangu alikuwa ameelekea vizuri. Tungoje, akasema.

Lile neno tungoje lilinipita mwilini kama maji ya baridi. Nilitaka kuinua vidole vitatu tu. Vidole ambavyo havijawahi kutulia tangu nizaliwe, siku hiyo vilikataa kuondoka kwenye shuka. Nikamtazama mama mkwe. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya ila kumtazama, na nilimtazama kwa hasira, nasema kweli, nilimchukia. Nilijua kwamba anajua. Nilijua kwamba ataniacha nife ili asitamke namba.

Alikuwa ameshika mguu wangu. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti, nikadhani anasali rozari. Daktari alikuwa amekwisha fika mlangoni.

“Munganga,” akaita. “Haiko moya. Balimupasula tatu. Pa fasi ile ile, tatu.”

Daktari akageuka, akamwuliza kama ana hakika.

“Tatu,” akasema tena. “Nilibapokea miye mwenyewe, na hii mikono.”

Kisha akaufunika mdomo wake kwa ncha ya kikwembe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na mengi nayajua kwa kusimuliwa. Yule mwanamke mwingine alisogezwa, mimi nikaingizwa. Daktari aliniambia baadaye kwamba alipofungua alikuta ukuta umeanza kuachana, na mahali ambapo haukuwa umeachana ulikuwa mwembamba hivi kwamba aliziona nywele za mtoto upande wa pili. Mume wangu walimtafuta kwa simu wamwulize habari ya kunifunga, hakupatikana. Ukikaribia mpaka, simu inashika mtandao wa Zambia na mtu anakuwa kama amehama dunia. Wakamwuliza mama mkwe. Mama akasema nifungwe.

Mtoto alikuwa msichana.

Nililala wodini nimetulia kama gogo, maana mshono haukunipa uhuru mwingine. Mama mkwe ndiye aliyekuwa hakai. Alikuwa anatoka, anaingia, anaomba simu ya huyu na ya yule kupiga nyumbani. Wasichana wamekula? Wamelala ndani ya chandarua? Mkubwa alikuwa anakohoa, bado anakohoa? Alipiga asubuhi, akapiga jua lilipopanda, akapiga tena. Alimchukua mtoto mchanga, akamnusa kichwani, akanirudishia upesi, kana kwamba mikono yake ina moto. Nilidhani amekasirika kwa sababu jina halikurudi na sasa halitarudi kamwe. Nilikuwa na maneno yangu tayari kumjibu siku atakapolisema.

Siku alipofungua mdomo ilikuwa mchana, wakati wa wageni, wodi imejaa sahani na kelele. Alivuta kigoda karibu na kichwa changu. Hakuzungumza habari ya jina.

“Weye ulisoma,” akasema. “Kama muntu alihesabu batoto, anaweza kurudisha ile hesabu?”

Nilikuwa na majibu yangu ya siku zote, mbu, maji machafu. Nikayaacha. Nilimwona mama mzima, mikono juu ya magoti, ambaye alikuwa amewaweka wajukuu wake mbele ya kifo, kwa imani yake yeye, ili mimi nipone. Mimi, upepo wa mwanawe, ambaye nilikuwa nimemdhania mabaya hadi dakika ile. Aibu ilinishika, na upendo, vyote pamoja, sikuvitofautisha.

Nikamwambia kwamba hakuhesabu watoto. Alihesabu mara nilizopasuliwa, na vidonda ni vyangu mimi, hakuna aliyekataza kuhesabu vidonda. Nilikuwa najivunia jibu hilo. Hata mguu wangu ulitikisika kidogo chini ya shuka kwa furaha.

Alitikisa kichwa.

“Hapana, mama. Nilihesabu batoto. Nilianza na mukubwa, nikafika kwa mutoto mudogo, ilikuwa mbili. Munganga alikuwa anaenda. Njo nikamukumbuka yeye.” Akapangusa pua. “Bila yeye ningesema mbili.”

Nilimshika mkono. Mbele ya kitanda cha jirani mtu alikuwa anagawa soda, na mtoto wangu alikuwa anatafuta titi kwa mdomo wazi.

“Saa hii angekuwa anaenda masomo,” mama akasema.

“Ndiyo, mama. Angekuwa anaenda.”

Nilijisogeza ukutani, mshono ukaniuma, nikampa nafasi. Akapanda kitandani na viatu vyake, mtoto katikati yetu, tukamlilia mvulana wetu mbele ya watu wote.